Saa inayojua Februari ina siku ngapi

Saa ya tarehe ya kawaida, hii ya kwako na yangu, inakosea mara tano kwa mwaka na wala haioni aibu. Imefundishwa kitu kimoja tu, kuhesabu kuanzia 1 mpaka 31, basi, kwa hiyo Aprili, Juni, Septemba na Novemba zikiisha inakuletea tarehe 31 ambayo haipo, na Februari ndo kabisaa, inataka siku tatu za bure. Mzee wangu alikuwa na Seiko 5 aliyonunua Muscat, ile siku zimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na kila tarehe mosi Machi asubuhi kabla ya chai utamkuta anazungusha kile kichwa cha pembeni, ka, ka, ka, halafu anaivaa anaendelea na mambo yake. Saa hiyo sasa hivi ninayo mimi.

Mwezi wa nne 2025 niliivaa kwenda nayo Geneva, kwenye maonyesho ya saa yanaitwa Watches and Wonders, yanafanyika ukumbi wa Palexpo pale pale karibu na uwanja wa ndege. Siku za mwanzo ni za wafanyabiashara na waandishi, za mwishoni ndo wanafungulia watu kama sisi wenye tiketi na macho tu. Nilikwenda na shemeji yangu anayekaa Lausanne, na shemeji hana habari na saa hata kidogo, tumefika kwenye kabati la kwanza la kioo kaangalia, kasoma kibandiko, kageuka, "Shem, yaani watu wanatoa hela yote hii na simu yangu inanipa tarehe bure?" Nikamwambia twende kwanza tutaongea. Mpaka tunatoka nilikuwa bado namjibu, na nikaona si vibaya nikiliweka na huku.

Ugomvi wenyewe uko juu mbinguni huko. Dunia ikijizungusha mara moja tunasema siku imeisha. Mwezi kutoka kuandama mpaka kuandama tena ni siku 29, saa 12, dakika 44 na kama sekunde tatu. Dunia kulizunguka jua ni siku 365 na robo kasoro kidogo, yaani 365.2422. Sasa chukua kalamu ugawanye. Haigawanyiki! Miezi 12 ya mwandamo inakupa siku 354 na kipande, umepungukiwa kama 11, ndo maana Ramadhani kila mwaka inatangulia. Wazee wa pwani nao walikuwa na mwaka wao wa Nairuzi wa siku 365, unahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi halafu siku tano za kujazia mwishoni, na ile robo siku hawakuihesabu kwa hiyo mwaka ukawa unateleza polepole dhidi ya jua. Kila kalenda ina mahali pake pa kuficha hicho kipande kinachobaki, na fundi wa saa kazi yake ni kuchonga hapo mahali pa kufichia, kwenye chuma, halafu kitoshe mkononi.

Juu ya Seiko ya mzee kuna ngazi. Ya kwanza ni kalenda ya mwaka, Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, waliileta 1996, hiyo inajua miezi ya 30 na ya 31 ila Februari nayo inaihesabu kama mwezi wa siku 30, kwa hiyo unaigusa mara moja tu kwa mwaka. Ya pili ni kalenda ya daima, inajua Februari ya 28 na pia ile ya 29 inayokuja kila baada ya miaka minne. Hao hao Patek waliiweka kwenye saa ya mkononi mwaka 1925, wakatumia mashine ndogo waliyokuwa wameitengeneza 1898 kwa ajili ya saa ya kike ya kuning'iniza.

Inajuaje sasa, haina betri, haina chip, haina intaneti?

Kwenye banda moja kulikuwa na fundi amekaa na meza yake na lenzi, watu wanapanga foleni kuchungulia. Zamu yangu ilipofika akachukua kwa kibanio kigurudumu kidogo kuliko kifungo cha shati, pembeni kimekatwa mabonde mabonde kama ukingo wa chapati iliyoumwa na panya. Nafasi zake 48, moja kwa kila mwezi wa miaka minne. Mwezi wa siku 31 hauna bonde, wa 30 una kibonde kifupi, Februari imechimbwa shimo. Kuna kijimkono kina ncha, ncha hiyo inategemea ule ukingo, mwezi ukifika mwisho inatumbukia kwenye bonde na kadiri inavyozama ndivyo mkono unavyosukuma tarehe meno mengi zaidi, yaani kina cha shimo ndo idadi ya siku za kuruka. Gurudumu zima linamaliza mzunguko mmoja kwa miaka minne. Akanionyesha Februari zote nne, tatu zimechimbwa sawasawa, moja ina kina kidogo pungufu, na huo upungufu huuoni mpaka uinamishe kichwa taa ipige kwa ubavu. Huo mkwaruzo ndo tarehe 29 Februari. Nilikaa nao sana mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa.

Mabadiliko yote hayo yanafanyika usiku, na hapa nikuonye bure, saa ya makenika yenye tarehe usiirekebishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno yanakuwa tayari yameshikana na ukilazimisha unavunja. Najua kwa sababu niliwahi kuvunja, na saa haikuwa yangu.

Halafu kuna mwaka 2100. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha kalenda, tarehe 4 Oktoba watu wakalala wakaamka tarehe 15, na sheria ikawekwa kwamba miaka ya mia kamili haiwi mirefu, yaani ya siku 366, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa. Lile gurudumu la mabonde 48 halina habari hiyo, kwa hiyo asubuhi ya tarehe mosi Machi 2100 karibu saa zote za kalenda ya daima zilizofungiwa kwenye masefu ya matajiri zitasema leo ni 29 Februari, na wajukuu wao watafanya kile kile alichokuwa anafanya mzee wangu. IWC, kampuni nyingine ya Uswisi, mwaka 2024 wakatoa saa wameiongezea gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka 400, lina mapengo matatu, moja kwa kila mwaka wa mia usiokuwa mrefu, na saa hiyo ikachukua tuzo kubwa ya Geneva mwaka huo. Wenyewe wanaidhamini mpaka mwaka 3999, maana watu wanabishana kama mwaka 4000 nao usirefushwe, ili kupunguza kosa dogo lililobaki. Kampuni hiyo hiyo mwaka 1985 fundi wao Kurt Klaus aliunda kalenda ya daima inayoonyesha mwaka kwa tarakimu zote nne, na ukinunua unapewa kichupa kidogo cha kioo ndani yake kuna kipande cha akiba chenye 22, 23 na 24, mjukuu wa kitukuu chako atampelekea fundi abadilishe karne zikiisha. Mi hicho kichupa ndo kilinimaliza kabisa.

Na kuna waliochemsha pia, kwa heshima. Patek mwaka 1989 walitengeneza saa kubwa ya mfukoni inaitwa Calibre 89, mambo 33 ndani yake, mojawapo ni tarehe ya Pasaka. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa 21 Machi au wa baada ya hapo, yaani umechanganya jua, mwezi na wiki kwenye sufuria moja, hesabu yake mekanika inaumiza kichwa, kwa hiyo wakachonga kisahani chenye Pasaka za miaka kama thelathini hivi, kimeandikwa jibu tayari. Kiliisha 2017.

Tuje kwenye mwezi wenyewe, maana hiki ndo kitu watu wanakiona kwanza, kale kadirisha kenye mbingu ya buluu na mwezi wa dhahabu unachungulia. Ndani kuna kisahani kina miezi miwili imechorwa kwa kutazamana, pembeni meno 59, kila siku linasogea jino moja. 59 gawa kwa 2 ni 29 na nusu. Umeona ujanja, lakini ule mwezi wa kweli una dakika 44 zaidi, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili na miezi saba au nane hivi saa inakuwa imekosea siku nzima. Wakitumia gurudumu la meno 135 kosa la siku moja linakuja baada ya miaka 122, hiyo inatosha, umri wa mtu unapita hapo katikati. Ila ushindani hauna breki, ile ya IWC ya 2024 wanasema mwezi wake utakosea siku moja baada ya miaka milioni 45. Hapa naomba niwe mkorofi. Mwezi unajitenga na dunia kama sentimita 3.8 kila mwaka na dunia nayo inapunguza mwendo wa kujizungusha kidogo kidogo, kwa hiyo huko miaka milioni 45 mbele urefu wa mwezi na wa siku utakuwa si huu tunaoujua, saa itakuwa inafuata kwa uaminifu mkubwa mwezi ambao haupo tena. Hesabu ya meno ni sahihi, sifa ni ya biashara.

Kingine, mwezi wa kwenye saa ni wa kwao huko kaskazini, umesimama wima. Sisi wa karibu na ikweta mwezi mchanga tunauona umelala chali kama dau. Hakuna saa niliyoiona pale yenye dau.

Kwa Muislamu sasa, kabati lenye maana kubwa zaidi ni la saa ya Hijria ya Parmigiani Fleurier. Michel Parmigiani amekarabati saa za kale miaka mingi, na moja iliyopita mikononi mwake ilikuwa na kalenda ya Kiislamu, wazo likaanzia hapo mpaka ikaja ya mkononi iliyopata tuzo ya ubunifu Geneva mwaka 2020. Miezi inaitwa kwa majina yake, Muharram, Safar, kuendelea, na hesabu inakwenda kwa mzunguko wa miaka 30, ndani yake miaka 19 ni ya siku 354 na 11 ni ya siku 355. Kwanini 11? Kumbuka ile miezi 12 ya mwandamo inatoa siku 354 na kipande, kipande chenyewe ni 0.367, zidisha mara 30 unapata 11 na punje. Wanajimu wa Kiislamu waliipiga hesabu hii karne nyingi kabla Uswisi haijajua kutengeneza saa.

Lakini subiri. Kwa hesabu hiyo miezi inapokezana 30, 29, 30, 29, na Ramadhani ni wa tisa kwa hiyo siku zote ina 30. Siku zote. Sasa wiki ile ile kabla maonyesho hayajafunguliwa nini kilitokea? Saudia walianza kufunga tarehe 1 Machi wakasali Idd Jumapili tarehe 30, wamefunga 29. Oman walianza siku moja nao, ila wao mwezi hawakuuona, wakakamilisha 30, Idd Jumatatu. Majirani wanaopakana! Na kwetu unajua wenyewe inavyokuwa, nyumba moja baba anafuata mwandamo wa nchi, kijana anafuata Saudia, pilau linapikwa mara mbili. Hiyo saa haiwezi kuamua, haijui kuna wingu Pemba. Yenyewe inahesabu tu, na kuhesabu na kuona mwezi ni mambo mawili ambayo masheikh wamebishana tangu enzi, kwa hiyo mwenye saa hiyo akitaka kwenda na watu wa mtaani kwake itabidi mwaka mwingine aisogeze kwa mkono. Sisemi kama dosari, mi naona ndo saa ya kweli kuliko zote pale kwa sababu tatizo lake bado liko hai.

Sasa kuna hii moja wengi wanaipita kwa kuwa jina lake linatisha, usawazisho wa jua. Chukua ratiba ya swala iliyobandikwa msikitini Zanzibar au Dar, angalia adhuhuri. Mwanzoni mwa Novemba jua linakuwa katikati kama saa sita na dakika 7, katikati ya Februari ni kama saa sita na dakika 37. Nusu saa nzima imepotea wapi, na sisi tuko ikweta hatuna kiangazi cha Ulaya? Imepotea kwa sababu jua halitembei sawa na saa ya ukutani. Dunia inalizunguka jua kwa njia iliyobinyika kidogo, ikiwa karibu inakimbia, ikiwa mbali inajikokota, na pia imeinama, vitu hivyo viwili vikijumlishwa jua linawahi mpaka dakika 16 au linachelewa mpaka dakika 14. Siku nne tu kwa mwaka jua na saa vinakubaliana, katikati ya Aprili, katikati ya Juni, mwanzo wa Septemba na siku ya Krismasi. (Zanzibar tunaongeza dakika 23 nyingine za kudumu kwa sababu saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 uliopo mashariki yetu huko baharini.) Kwenye saa, hayo yote yamewekwa kwenye kipande kimoja cha chuma kinachozunguka mara moja kwa mwaka, kimechongwa kama korosho. Korosho kabisa, ina tumbo na mgongo. Kijimkono kinatambaa juu ya ukingo wake na popote korosho ilipobonyea mshale wa jua unarudi, ilipotuna unakwenda mbele. Breguet wana moja, Marine Équation Marchante ya 2017, ina mshale wa dakika wa pili wenye kijua cha dhahabu, mmoja unasoma wakati wa serikali mwingine wakati wa Mungu, kama alivyosema shemeji, na hapo ndo nilijua ameanza kuingia.

Ramani za nyota ni nzuri kwa macho ila ni za kwao tu. Henry Graves, tajiri wa New York, saa yake ya mfukoni aliyokabidhiwa na Patek 1933 ilichorwa anga la usiku la New York. Patek walipoleta saa ya mkononi ya Celestial mwaka 2002 anga ni la Geneva, na lile duara refu linaloonyesha nyota zipi ziko juu limekatwa kwa latitudo ya huko, ukiivaa Tanga inakuonyesha nyota ambazo kwako hazitoki na inakuficha za kusini ambazo unaziona kila siku. Kilimia zipo, nilizitafuta kwenye kioo nikazipata, vinukta vidogo vimeshikana. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, mkulima akapanga shamba lake bila faranga moja.

Kwanini zinatengenezwa basi? Ukweli ni kwamba saa ya betri ndo imezizaa. Seiko walitoa ya kwanza ya mkononi Desemba 1969, sahihi na baada ya muda ikawa rahisi, viwanda vya Uswisi vikaanguka vingi sana, na waliobaki wakaelewa kwamba kwenye kuonyesha saa ngapi wameshashindwa. Rolf Schnyder akanunua kampuni ya Ulysse Nardin mwaka 1983 ikiwa hoi, akamkuta kijana Ludwig Oechslin aliyekuwa amekarabati saa ya kale ya nyota ya Farnese kule Vatikani, akamwambia niwekee kitu kama hicho mkononi, na 1985 ikatoka Astrolabium inayoonyesha jua, mwezi, nyota na kupatwa. Van Cleef & Arpels mwaka 2014 wakatoa yenye sayari sita za vijiwe vinavyozunguka, Zohali yake, yaani Saturn, inamaliza mzunguko kwa miaka 29 na ushee, sawa na ile ya angani, ukiinunua una miaka 30 utaiona ikirudi ilipoanzia unakaribia 60.

Kuanzia hapo wengine wanarundika tu. Vacheron Constantin mwaka huo wa 2025 walileta Solaria, kazi 41, vipande 1,521, miaka minane ya kuiunda, gumzo la maonyesho nzima, na mimi niliipita haraka kidogo kuliko nilivyotegemea, ni kama sahani ya harusi iliyojazwa mpaka huoni wali. Saa yao ya 2017, Celestia, niliipenda zaidi kwa kuisoma tu, ina kipimo cha maji kupwa na kujaa, mvuvi wa Bagamoyo angekielewa bila kuelezwa, bamvua hapa, maji mafu hapa.

Mchana ule saa tisa alasiri tukarudi kwa yule fundi wa kigurudumu, shemeji sasa ndo anataka kuchungulia. Fundi akaona mkono wangu, akaomba aione Seiko, akaisikiliza sikioni, akaigeuza, halafu akacheka. Ilikuwa Jumamosi tarehe 5, saa inasema Jumamosi tarehe 2, maana tangu Februari sikuigusa. Nikataka kujitetea, yeye akavuta kichwa cha pembeni hatua moja, akazungusha kwa kidole gumba taratibu, ka, ka, ka, akanirudishia.